Ile Ndefu na Ile Fupi

Jumatatu, 4 Juni 1973

Mtaa mzima wa Isevya wanaisimulia vibaya hii habari. Wanasema Mzee Maganga kaangushwa na pikipiki juzi mbele ya duka la Jivan. Uongo. Sikuanguka. Nilishuka. Pikipiki ndiyo ilianguka, na hiyo shauri yake.

Palikuwa na mbuzi. Hilo hawalisemi. Mbuzi mweupe katoka uchochoroni wakati naijaribu pikipiki ya Jivan, nimeshapata mwendo. Mtu mwingine angempitia juu. Mimi nikaona bora niruke. Nikaruka vizuri, kama kijana. Kofia haikutoka.

Nimekunywa uji, nimewapa kuku pumba, naandika. Mwalimu wa darasa la watu wazima kasema tuandike kila siku, hata mistari miwili, tusije tukasahau herufi. Binti mdogo yule, sawa na mjukuu wangu kabisa. Lakini darasani yeye ndiye anauliza na mimi ndiye nanyoosha mkono. Kasema tuandike ya kweli. Ya kweli ninayo mpaka yananisumbua.

Jumatano, 6 Juni

Leo nimerudi kwa Jivan kuziangalia zile pikipiki anazouza. Ziko mbili, zote zimetumika.

Fupi ni ya Kiingereza. Nyeusi. Imezeeka kama mimi, ila uzee haujaipendeza kama mimi. Siti pana kama benchi la zahanati, mtu wa nyuma anakaa na kikapu chake na kuku wake. Asubuhi inakohoa. Inakwenda polepole.

Ndefu ni ya Kijapani. Nyekundu. Madigadi ya mbele imepanda juu karibu na taa. Ilitengenezwa kwa kazi ya porini, kuruka magogo. Aliyekuwa nayo ni Mzungu mmoja mpima barabara. Akaivua magurudumu ya porini, akaivalisha madogo mapana yenye mipira laini, akimbie nayo kwenye lami. Basi imebaki hivyo. Miguu ya porini, viatu vya mjini. Mimi sijaona kitu kizuri namna ile tangu nizaliwe.

Jivan kanieleza wazi. "Mzee, hii ni ya lami. Kwenye mchanga itakutupa. Halafu mama atakaa wapi?" Mwenye duka ananikataza kununua. Nikamwona mjinga.

Niandike sababu ya pikipiki, nisije nikaisahau. Mke wangu Nyamizi ana nyonga mbovu, hatembei mbali. Dada yake Kalunde yuko Sikonge, mgonjwa. Ndiye aliyemlea, mama yao alikufa mapema. Basi la Sikonge linakwenda Jumanne tu, na hiyo Jumanne likipenda. Ng'ombe wa mahari ya binti yetu Kabula ndio watakaogeuka pikipiki. Ng'ombe hao ni wa Nyamizi kama walivyo wangu. Kasema neno moja tu, nimfikishe kwa dada yake.

Kondo alikuwa pale dukani. Fundi cherehani, Mzaramo, mtani wangu. Sisi Wanyamwezi na wao tumetaniana tangu misafara ya mababu iliyokuwa inashuka Pwani. Anaweza kunitukana mbele ya wakwe zangu na sina pa kushitaki.

"Mnyamwezi, chukua fupi," kasema. "Miguu yenu ilifupika kwa kubeba mizigo ya babu zangu. Ndefu waachie wanaume."

Nikamwambia mimi Pwani nimekwenda kwa miguu, pembe ya ndovu begani.

"Reli imefika Tabora hujaota meno. Ulibeba pembe ya nani, ya yule mbuzi?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Utani ndivyo ulivyo, unacheka. Lakini njia nzima ya kurudi lile neno lilikuwa linanitembea mgongoni.

Jumamosi, 9 Juni

Nimenunua. Ndefu.

Nyamizi mwenyewe ndiye kasema. Alikuja mpaka dukani na fimbo yake, akaziangalia zote mbili, akasema, "Chukua ile ndefu, baba Kabula, inakupendeza." Naandika hapa ili ijulikane.

Kondo naye alikuwepo, futi yake ya kushonea shingoni. Kapiga magoti mbele ya watu wote akanipima mguu, kutoka kiunoni mpaka kwenye kandambili. Kisha kaipima siti ya ndefu. Katikisa kichwa kama mtu anayekosa kitambaa cha kutosha. Watu walikuwa wengi. Wengine walikuwa wamebeba mihogo, wakaitua chini wacheke vizuri.

Ningefanya nini mimi?

Jumapili, 10 Juni

Leo Tabora wameniona. Isevya mpaka stesheni, stesheni mpaka sokoni, nikazunguka tena. Kwenye lami haina mfano. Unalaza kidogo tu, nayo imeshakata kona. Watoto wanakimbia nyuma. Wazee wenzangu wamekaa na baiskeli zao kama waliofiwa.

Balozi wa nyumba kumi kauliza ni mali ya ujamaa au yangu. Nikamwambia ya ujamaa, mimi na Nyamizi ni kijiji.

Siri ni moja. Miguu haifiki chini. Kwa hiyo nasimama penye baraza tu. Naweka mguu wa kushoto kwenye baraza la mtu, natoa salamu, naondoka. Watu wanadhani ni maringo. Waendelee kudhani.

Jioni Nyamizi kajaribu kupanda. Mguu haukunyanyuka. Tukaleta kigoda, bado. Tukaisogeza barazani, nikafunga mto kwenye ile siti nyembamba kwa kamba za mpira, akakaa upande. Akanishika shati. Tumefika kwa jirani na kurudi.

"Iko juu," kasema.

Basi. Akaomba kigoda ashuke.

Jumanne, 12 Juni

Nyamizi kaamka alfajiri, kafunga kanga, kaweka karanga na asali kwenye kikapu. Anataka basi. Nimemkataza. Mke wa mtu mwenye pikipiki apande basi na mbuzi za watu, Kondo ataninyamazia kweli? Nimemwambia Jumamosi nakupeleka mwenyewe, kabla jua halijawa kali tumefika.

Kaifungua kanga. Asali kairudisha ndani.

Basi leo lilikwenda. Nililisikia.

Alhamisi, 14 Juni

Mtu wa lori la tumbaku kaja na habari kutoka Sikonge. Kalunde hali tena chakula. Anamuulizia mdogo wake.

Nimeipaka grisi cheni. Mnyororo safi kabisa. Nyamizi anauliza kama mchanga wa Sikonge ni mwingi. Nimemwambia mimi nimepita mchanga wa Ugogo na simba ananiangalia. Hakucheka. Zamani kwenye simba alikuwa anacheka.

Jumamosi, 16 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mpaka mwisho wa lami tulikwenda kama maharusi. Nyamizi nyuma, kikapu mapajani. Watu wakatupungia.

Kisha njia ikawa nyekundu. Sawa, nikapunguza. Kisha mchanga. Mchanga kama unga wa muhogo. Ile mipira laini haishiki kitu. Mbele inakwenda kwake, nyuma kwake. Nikaweka mguu chini kuituliza. Chini hakupo. Mguu wangu ukawa unatafuta ardhi hewani.

Tulianguka polepole kabisa. Mtu angeweza kumaliza kikombe cha kahawa. Nyamizi kaangukia ule upande wa nyonga mbovu. Asali ikamwagika. Hakulia. Kakaa pale anaangalia siafu wanavyokuja.

Nikaiinua pikipiki. Ikawaka kwa kiki ya kwanza, hiyo niseme kweli. Lakini kupanda, wapi. Mtu wa nyonga na mtu wa miguu mifupi, katikati ya miyombo. Porini hakuna baraza. Tulitafuta kichuguu, tulitafuta gogo. Kichuguu kikavunjika. Gogo lilikuwa bovu.

Tukiwa hapo, nasikia mtu anakohoa nyuma. Siyo mtu. Ile fupi. Kainunua mwinjilisti mmoja wa Kimoravia, na nyuma yake mkewe kakaa upande, mtoto mgongoni, anakula muwa. Mwinjilisti kasimama, miguu yote miwili chini kama meza.

"Shikamoo mzee. Mmeharibikiwa?"

Nikaitikia marahaba. Nikamwambia tunapumzika.

Nafasi hakuwa nayo. Nyamizi kamwambia, "Mwanangu, ukifika Sikonge mwambie dada yangu Kalunde naja. Naja na pikipiki." Wakaenda. Polepole, wanakohoa. Mpaka hatukuwaona.

Tumerudi kwa miguu. Mimi nasukuma, yeye na fimbo yake. Kila alipopumzika nilisimama mbali kidogo, nafuta tangi. Tangi lilikuwa safi.

Jumanne, 19 Juni

Asubuhi tumekwenda kwenye basi. Mimi na yeye. Pikipiki nimeiacha.

Kabla ya kupanda, kijana wa Kalunde kashuka kwenye lori la tumbaku. Tulipomwona kichwa wazi tulijua.

Kalunde hayupo. Amekufa juzi jioni. Wamengoja kumzika mpaka mdogo wake afike.

Kondo kafunga cherehani, kaja na sisi. Mtani hakosi msibani. Ndani ya basi kashika kikapu cha Nyamizi.

Jumamosi, 23 Juni

Tumerudi jana kwa lori la tumbaku. Wote wawili tunaumwa mgongo.

Wanawake waliokuwa wanamwangalia Kalunde walimweleza Nyamizi, na mimi nikasikia. Salamu zilifika. Jumamosi ile ile mwinjilisti alizifikisha. Tangu hapo Kalunde akaomba kitanda kisogezwe karibu na mlango. Kila pikipiki ikipita barabarani alikuwa anauliza, hiyo siyo? Wanamwambia siyo. Analala kidogo, anauliza tena.

Nyamizi kasikiliza mpaka mwisho. Kawashukuru.

Tulizika Jumatano. Kondo akafanya kazi ya mtani. Kaburi halijafukiwa, kanyang'anya jembe, kakaa juu ya udongo, kasema hazikwi mtu mpaka yeye mtani apewe kitoweo. Wakampa kuku. Kakataa, kasema kuku kakonda kama Mnyamwezi. Watu wakaanza kucheka katikati ya machozi, ndiyo faida yake.

Halafu akaniigiza mimi. Kachukua benchi la kanisa kalifanya pikipiki. Kapiga kiki, katunisha kifua, kapanda, miguu inapepea. Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Kaweka mguu juu ya bega la mzee mmoja kama baraza. Kamkwepa mbuzi.

Kisha akamwigiza Nyamizi pale dukani. Kachukua kanga ya mtu kajifunga, kashika fimbo. Kachechemea mpaka mwisho wa benchi, upande wa fupi. Kaweka kiganja juu yake. Kakipitisha polepole, kwenda na kurudi, kama mtu anayelaza mtoto. Kainua macho kumwangalia mumewe. Hakusema neno.

Halafu karuka, kawa mimi tena. "Mmesikia? Kasema ndefu."

Walicheka mpaka ndege wakaruka. Nyamizi kacheka kuliko wote. Kacheka, kacheka, kisha nikaona siyo kicheko tena. Wanawake wakamshika.

Mzaramo muongo. Kabuni. Siku ile alikuwa chini amepiga magoti ananipima mguu, angeona wapi? Na huwezi kumjibu mtani kaburini. Nilitoa kitoweo na mimi, jembe likarudi.

Jumapili, 1 Julai

Kuku wamezoea pikipiki. Jogoo analala kwenye usukani. Nimeiegesha chini ya upenu, sijaigusa tangu ile siku. Jivan kasema ataitafutia mtu, kijana wa mjini, mrefu.

Mwalimu kanikagua. Kasema herufi zangu sasa zinakaa kwenye mstari.

Jioni hii Nyamizi yupo mlangoni, anabangua karanga. Nyonga imevimba. Nimemchemshia maji, nimemkanda. Hatuzungumzi Sikonge. Nikamwambia habari ya simba wa Ugogo, nikaongeza simba wa pili. Kasema, "Mwaka jana alikuwa mmoja." Nikamwambia kazaa. Katabasamu kidogo. Kisha kaendelea na karanga, na kiganja chake kinakwenda na kurudi juu ya ungo, polepole.

Nimekiangalia muda mrefu.

Basi niandike. Mbuzi alikuwepo. Mweupe, wa uchochoroni, hilo siliachi hata mbele ya hakimu. Lakini Nyamizi hakusema nichukue ndefu. Hayo maneno ni yangu. Yeye aliweka mkono kwenye siti ya ile fupi, akaniangalia. Nikamwona. Nikageuka upande wa Kondo.