Manowari Haina Miguu

Baba,

Amani ikufikie hapo ulipolala, pembeni mwa mikorosho yako ya Dimani. Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike. Nyumba haivuji. Tezo yako nimeitundika ukumbini, na mpini wake nimeupaka mafuta ya nazi, maana wiki iliyopita niliitumia. Nitakueleza niliitumia kwa nini, ila kwa utaratibu. Ulizoea kunicheka kwamba mwalimu hawezi kuomba hata chumvi bila utangulizi.

Naanza na vita vya Maji Maji. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka manowari ya Wajerumani imesimama mbali baharini, na askari wake wakishuka kwa mashua. Wewe ulikuwa umekunywa ile dawa kama wenzako, hukuwahi kuficha. Hata hivyo ulikuwa fundi wa mashua, na ulipotutafutia maficho ulitumia akili ya ufundi wako. Ulituingiza katika kijito nyuma ya kijiji chetu cha Mbuchi, ndani ya mikoko. Ulisema chombo chenye mizinga ni kizito juu. Bila mkuku, ule uti wa chini ya chombo, na tumbo refu la kuzama majini kitapinduka, na chenye tumbo refu kitakwama kabla ya kutufikia. Ikawa kweli. Waliokimbilia bara walichomewa mashamba yao. Sisi tulitoka wazima, na tangu siku hiyo neno lako kuhusu vyombo likawa halipingwi.

Miaka kama kumi baadaye Wazungu walipigana wao kwa wao. Manowari ya Wajerumani iliingia Rufiji kwa mlango mkubwa, siku za bamvua, maji yalipojaa sana, ikajificha. Manowari za Waingereza zikaifuata, zikashindwa kuingia, zikakaa nje miezi mingi. Mjomba, mdogo wake Mama, akaja na mtumbwi kumchukua dada yake ampeleke Kibiti, nchi kavu. Mama alikwisha kufunga mkeka wake. Ulicheka, ukamwambia, "Manowari haina miguu, shemeji."

Mama akaufungua mkeka.

Asubuhi manowari nyingine zilipoingia, Mama alikuwa anapepeta mpunga kule kijitoni. Sitarefusha hapa. Zilikuwa mbili, za Waingereza, pana, hata hazikufanana na meli. Mizinga ikajibizana, na kombora moja likaangukia upande wetu. Tulimzika Mama palepale kijitoni kabla ya magharibi. Mjomba alijipangusa udongo mikononi akasema mbele ya watu wote, "Imeota miguu, shemeji." Hilo ndilo neno la mwisho alilokwambia maishani.

Tukahamia Dimani. Ulichonga milango, vinu na vitanda. Mashua hukuunda tena. Mtu akija kuagiza ulisema macho yamechoka, na majirani haohao walikuletea sindano uwatungie uzi. Siku tulipokuzika wewe, Mjomba hakuja kutia udongo.

Sasa nafika kwenye tezo. Mwezi uliopita nilikaa Dar es Salaam kwa mwanangu anayefanya kazi gatini. Alinipa kitabu cha Kiingereza kuhusu manowari za vita ile, chenye michoro ya meli zilizopasuliwa katikati kama papai. Nilikisoma siku nne. Manowari zile zilizokwama nje, hata zile nyembamba zilizoundwa kwa ajili ya mbio, zote zilikuwa na tumbo lililozama. Hizo ndizo ulizozijua, na juu ya hizo hukukosea hata kidogo. Mbili zilizoingia zilikuwa za namna nyingine. Ziliagizwa kwanza na nchi ya Brazil, kwa ajili ya mto wao mkubwa. Vita vilipokaribia, Waingereza wakazichukua wao. Zilizama majini kiasi cha kimo cha mtu tu. Najua utauliza kwa nini hazikupinduka na mizinga yote ile. Nami niliuliza. Ni upana, Baba. Walizitandaza kama sinia, na upana ukafanya kazi ambayo wewe ulijua hufanywa na kina. Fundi wa Mbuchi angejuaje chombo kilichochorwa kwa mto wa Brazil?

Niliporudi nilichukua tezo yako na kipande cha msufi, nikachonga vijimeli viwili, kimoja chenye mkuku, kimoja bapa. Nikavipeleka Mbuchi kwa Mjomba. Macho yake hayaoni tena. Alisema nimezeeka vibaya, mwalimu mzima kuja kucheza na vijiboti mbele ya wajukuu zake. Nilitia mchanga na maji kidogo katika beseni, nikamshika mkono. Chenye mkuku kilikwama. Kile bapa kilipita mpaka kikamgonga kwenye kucha. Alikirudisha akakisukuma tena, mara tatu.

"Kumbe haikuota miguu," alisema. "Ilikatwa tumbo."

Akaniuliza kama wewe ulijua hili. Nikamwambia hukujua, ulikufa ukiamini kwamba ulimuua Mama kwa ujinga wako. Alikizungusha kidole ndani ya maji. Kisha akasema kwamba hivyo ndivyo alivyotaka uamini.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue. Maelezo yangu hayamrudishi Mama, na neno ulilosema ulilisema, nami nilikuwapo. Lakini ulilisema kama fundi anayeijua kazi yake. Fundi mwingine, mbali sana, alikuwa amegundua njia usiyoijua.

Ijumaa Mjomba anakuja Dimani. Siku ya kutia udongo ilikwisha kupita, lakini ameniambia atabeba konzi moja ya udongo kutoka kaburi la Mama. Nitamshika mkono mpaka upande wa kichwa chako, kisha nitamwachia, nirudi nyuma hatua chache, na ninakuahidi, Baba, sitaeleza chochote.

Pumzika.

Mwanao