Mukau Niliokununulia kwa Simu

Musyoka ndugu yangu,

Huku Shauri Moyo mvua imenyesha wiki hii mpaka samaki wameonekana wakiogelea kwenye mtaro mbele ya banda letu. Mmoja alikuwa mkubwa kama paka.

Sawa, nakusikia. Kata samaki. Mvua ilinyesha, mtaro ukafurika, basi.

Unaona shida niliyo nayo? Siku hizi inabidi nijikatie mwenyewe, na mkono wangu si mzuri kwa hiyo kazi. Miaka yote tuliyofanya kazi kwenye meza moja, wewe ukichonga, mimi nikipiga msasa na kuuza maneno, hukuwahi kuniita mwongo. Ulikuwa unasema tu, bila kuinua macho kutoka kwa patasi, "Barasa, kata futi moja." Kama vile hadithi yangu ni ubao uliozidi kipimo. Unakumbuka ile ya kabati? Niliwaambia wateja kwamba niliwahi kubeba kabati peke yangu kutoka Gikomba hadi Mbotela, na ndani kulikuwa na mlinzi amelala. Ukasema, "Kata mlinzi." Nikakata. "Kata peke yako." Nikakata. Mwishowe kabati likabaki kistuli, na tulikuwa tumekibeba wawili, wewe mbele mimi nyuma. Wateja walicheka mpaka wakakinunua.

Sasa hakuna anayekata. Nikisema jambo pale bandani watu wanatikisa kichwa, "Ni kweli, Anko," halafu wanaenda zao. Tangu tukuzike wananihurumia. Sikujua kwamba kuaminiwa kunaweza kumfanya mtu awe mpweke namna hii.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya samaki. Ni kwa sababu ya msalaba.

Mke wako alinipigia. "Shemeji," akasema, "ule msalaba umelala chini. Mchwa wamemaliza mguu."  Siku ya mazishi hukuwa unasikia, kwa hivyo acha nikueleze nilichosema. Ule msalaba ulikuwa wa mbao za haraka haraka, jina lako kwa rangi nyeupe. Mimi niliona aibu, mchongaji kama wewe kuwekewa mbao za sanduku la nyanya. Nikasimama mbele ya pasta na kijiji chenu chote huko Kitui, nikatangaza kwamba huo ni wa muda tu. Kwamba mimi mwenyewe nitaleta msalaba wa mti mgumu, futi saba kwenda juu, ambao mchwa akiuma ataacha meno hapo hapo. Watu wakapiga makofi. Na mimi, Musyoka, nikangoja. Niligeuka kidogo upande wa jeneza. Nilikuwa nangoja useme kata.

Utaniuliza kwa nini sikwenda Gikomba kununua mbao. Nilienda, mara moja. Mzee wa yadi, yule tuliyekuwa tunagombana naye juu ya mbao zilizopinda, akauliza, "Na yule Mkamba wako wa jicho moja?" Macho unayo mawili, lakini yeye alikuzoea hivyo, ukiinua ncha ya ubao na kufumba moja, unachungulia kama mtu anayelenga ndege, na mimi nimeshika ncha ya pili, naambiwa nishushe, nipandishe, nisipumue. Nikamwambia umesafiri. Maneno yalitoka yenyewe. Akasema nikusalimie. Nikatoka mikono mitupu na sijarudi tena, kwa sababu kule yadi wewe bado uko safarini, na nikirudi ataniuliza utakuja lini.

Ndipo nikaingia mtandaoni. Usicheke. Nilipata duka linalouza mti mgumu kwa simu: mvule, mpingo, muhugu, na kumbe hata mukau, mti wa kwenu, ambao mchwa wanaupita kama hawaujui. Nikasema huyu mtu ni wa Kitui, basi apate mti wa Kitui. Juu ya picha walikuwa wameandika kwamba ni mbao za kazi ndogo ndogo. Kwangu mimi kazi ndogo ni kitanda. Kazi kubwa ni paa la kanisa. Chini ya picha kulikuwa na nambari, arubaini, na sisi watu wa yadi tunajua nambari kama hiyo ni inchi. Nikaagiza vipande vitatu. Viwili niviunge viwe nguzo, cha tatu kiwe mikono, na hapo nimeikaribia ahadi yangu.

Msichana wa duka akaniandikia, "Karibu bosi, ni ya kazi gani?" Nikamjibu nina karakana yenye mafundi kumi na watano. "Hongera sana bosi," akasema. Wewe ungesema, kata kumi na wanne.

Siku ya mzigo nilikodi mkokoteni. Pamoja na mwenyewe, Oduor, yule wa mabega. Nikamsimamisha kando ya barabara tangu asubuhi. Mama wa chapati nikamwambia, fundi wa viatu nikamwambia, kuna magogo yanakuja, msogeze vitu vyenu. Ikaja bodaboda. Jamaa akashuka, akafungua lile begi la kupelekea watu chakula, akanipa kifurushi ambacho nilikishika kwa mkono mmoja. Nikamuuliza lori liko nyuma yake umbali gani.

Kule mtandaoni wanapima kwa sentimita, Musyoka. Ni herufi mbili ndogo kando ya nambari, na mimi nilitoka shule kabla hazijafika. Vipande vitatu, kila kimoja kama mkono wangu kutoka kiwiko kwenda mbele. Kwenye picha hawakuweka hata kidole cha mtu, ningejuaje?

Wote wakanitazama. Oduor akatazama mkokoteni wake. Nikasema, "Hii ni sampuli tu. Mzigo wenyewe uko njiani." Unajua walifanya nini? Waliamini. Au walijifanya, sijui ni lipi baya zaidi. Mama wa chapati akasema, "Pole kwa kungoja, Anko." Oduor akasema nikimhitaji nimwite, akasukuma mkokoteni wake mtupu polepole, kama mtu anayetoka matangani.

Nikaingia bandani, nikavipanga kwenye meza, upande wako. Ni mbao nzuri, hapo siongezi kitu. Rangi ya kahawia yenye wekundu kwa mbali, nyuzi zimenyooka. Nikainua kimoja, nikafumba jicho kama wewe. Hapo ndipo nilipokukosa sana. Hakuna aliyekuwa ameshika ncha ya pili, na hakuna aliyehitajika. Ndizo mbao za siku hizi. Unaziagiza ukiwa peke yako, zinaletwa hapo ulipo, unazishika kwa mkono mmoja, na siku inaisha hakuna aliyekuambia shusha wala pandisha.

Nikakigeuza mkononi. Kisha nikaanza kucheka, peke yangu, mpaka fundi wa viatu akachungulia. Kwa sababu niliahidi futi saba, na mkononi nina futi moja na kidogo, na duniani ninamjua mtu mmoja tu ambaye angeweza kunikata kiasi hicho.

Nikafikiria kuagiza vingine vingi niviunge. Lakini nikampigia mke wako kwanza, nikamwambia nimepata mukau, na nimehangaika sana kuupata. "Mukau?" akasema. "Shemeji, si huo uko hapa nyuma ya choo. Alipanda mwenyewe."  Nikamuuliza kama ni heri fundi wa huko atengeneze. "Wewe ndiye ulisema," akaniambia. "Lete tu." Nikamwambia ni mfupi. "Mfupi namna gani?" Ulimi wangu ulishafika futi tatu, nikaurudisha. Nikampa kipimo chenyewe, kwa sentimita.  "Hata yeye hakuwa mrefu," akasema.

Basi nimeumaliza. Kipande kimoja ni nguzo, kingine nimekipunguza kikawa mikono, nikachimba nusu huku na nusu huku ili vilaliane. Jina nimelichonga kwa patasi yako, ile uliyonikataza kuigusa. Ile Y imeinama. Sasa najua kwa nini ulinikataza. Kipande cha tatu nimekiacha kwenye upande wako wa meza.

Jumamosi nakuja nao, nitaupakata njia nzima. Wakati wa kuusimika nitamwomba mke wako aushike, mimi nishindilie udongo. Hauhitaji watu wawili, najua, hata upepo ungeusaidia kusimama. Lakini nitamwomba. Na nikirudi Nairobi nitapitia yadi, nimwambie yule mzee kwamba hukusafiri. Naogopa hilo, Musyoka, lakini nitaenda.

Pasta akiniuliza futi saba ziko wapi, nitamwambia mwenzangu amekata.

Lala vizuri, ndugu yangu.

Ni mimi Barasa, fundi anayeogopwa Nairobi nzima.

Sawa. Ni mimi Barasa, wa kupiga msasa.