Mafiga Yangu Yamo Ndani ya Msingi

Kwa mume wangu, Baba Athumani, huko kwetu Handeni.

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hizi herufi za chuo cha Kurani zilizonibaki. Anayekusomea asiruke neno, hata pale ninapokugombeza. Kwanza nakuuliza mguu. Kile kidonda kimeacha kutoa maji? Au bado unakifunga majani na kuwaambia watu hakiumi? Usinijibu kwamba hujambo, mimi nakujua. Nasikia sasa unakwenda shamba kwa fimbo. Usingizi unanikimbia nikiliwaza hilo.

Mimi mwili mzima. Ila moyo unachemka, na aliyeuchemsha ni mwanao. Nasema mwanao, maana siku hizi si wangu.

Unajua kwamba Athumani ndiye amepewa kusimamia ujenzi wa hii nyumba ya wagonjwa hapa Korogwe. Mafundi wako chini yake, wachukuzi wa mawe chini yake, na mbao zinazoshuka kutoka Lutindi anazipokea yeye. Nami niliyekuja kumpikia tu, nikajikuta nawaongoza wanawake wanaochota maji mtoni ya kukandia udongo. Mto wenyewe una mamba. Mmoja anachota, mwenzake anapiga maji kwa mti. Sikulalamika. Nilisema, hii nyumba ndiyo itakayomtibu Baba Athumani.

Wagonjwa hawakungoja kuta ziishe. Wamelazwa kwenye banda la nyasi, na bwana daktari anawaosha vidonda humo. Ndugu zao wameweka mafiga pembeni, nami yangu hapo hapo, kila mmoja anampikia wake. Maana nani atalala mahali pasipo mtu wake, akala chakula asichojua kimepikwa na nani? Wewe mwenyewe ulimwambia Athumani hivyo alipokuja kukuchukua: "Chungu nisichokijua sikili." Ukageukia ukutani kama mtoto.

Basi sikia alichofanya. Mkokoteni wa mawe ulikwama njia ya Makuyuni, na msingi uko wazi. Yule Mdachi, bwana mkubwa wa majengo, akaanza kufoka. Athumani akatazama huku na huku, akaona mafiga yetu. Akawaamuru wachukuzi wayang'oe. Chungu changu kiko motoni, Baba Athumani! Mboga ya mchunga inatokota! Wakakitua chini kwenye vumbi, wakabeba mafiga ya moto kwa magunia, wakayatia ndani ya msingi, udongo ukafuata juu.

Huyu ni mtoto wa Kizigua. Amekulia kwenye moshi wa mafiga yangu. Hajui kwamba kwetu yaking'olewa hivyo, watu huuliza ni mke gani kaachwa?

Nikamwendea. "Athumani, umefanya nini?"

Akasema, hata kunitazama hakunitazama, "Mama, mawe ni mawe. Na bwana Mdachi amesema hataki moshi hapa. Atawekwa mpishi mmoja awapikie wote."

"Ahaa. Mawe ni mawe?"

"Ndiyo, mama."

"Na maji ni maji. Kachote."

Nikaulaza mtungi wangu. Binti Mhina, huyu jirani yangu anayemuuguza mumewe, akaulaza wake, akasema kwa sauti, "Msimamizi, mamba wanakusalimu!" Wanawake wote wakacheka, wakakaa chini. Udongo ukaanza kukauka, mafundi wakakunja mikono.

Mdachi akaja, na askari nyuma yake ameshika kiboko. Hapo hasira yangu ikaingiwa na baridi. Nikajua mwanao akisema neno moja, kwamba wanawake hawa wamekataa kazi, tutalazwa chini sote. Na asiposema, atalazwa yeye. Nilitaka kuinuka nichukue mtungi. Mwanao akanitangulia.

Athumani akasema, "Bwana, kosa ni langu. Nimechukua mawe ya jiko lao. Bila jiko wagonjwa watakimbia, na nyumba yako itabaki na kuta tu."

Yule bwana alimtukana mbele ya watu wote, mwanangu mtu mzima mwenye ndevu. Mwisho akasema jiko likae nyuma ya ua, upande ambao upepo hauleti moshi, na msimamizi ayatafute mawe yeye mwenyewe, wala asimtoe kazini mchukuzi hata mmoja.

Akaenda mtoni. Akaleta mawe kichwani, kanzu imelowa, wachukuzi wake wanamtazama. Aliweka ya Binti Mhina, ya wengine, yangu akayaweka mwisho. Hakusema samahani. Akatua, akajipangusa, akaondoka. Hicho ni kiburi chako, mimi sikumzaa nacho. Nampikia, lakini nampa sahani bila maneno, na bado nina hasira.

Na wewe pia nina hasira nawe. Sababu yako imekwisha. Chungu utakachokula ni kile kile unachokijua, moto ni wangu, na mimi nitalala chini ya kitanda chako. Mwenye ng'ombe anayekuletea barua hii atarudi hapa Korogwe akishawauza ng'ombe wake. Fuatana naye, upande punda wake. Usitembee! Mguu ukioza kwa ajili ya ubishi, sitakulilia, nitakugombeza mpaka kaburini.

Nisalimie mama mkwe, umwambie shikamoo yake naileta mwenyewe. Mke wa Athumani mwambie mumewe mzima, amekonda kidogo tu. Shemeji yangu aliyebaki na mbuzi, asiwauze.

Mafiga yangu mapya mawili yamekaa sawa. La tatu linacheza, chungu kinainama. Athumani alitaka kulichimbia, nikamkataza. Wewe ndiye uliyenikalishia mafiga nilipoolewa. Njoo ulikalishe.

Mimi mkeo,
Mama Athumani