Mpwa Wangu Alivyotupima Nia

Sahibu, unaijua kanuni ya ukoo wetu: apandishaye sauti kikaoni huosha vyombo vya wote.

Leo tulikutana kuamua nani atakaa na Mama. Mpwa wangu, yule mwalimu, akatupima kwanza kwa maswali, ajue kila mmoja amekuja na nia gani.

Akatamka mbele ya wadogo zangu, "Mjomba, wewe umekuja kushinda. Wenzako wamekuja kuelewana."

Mimi, kushinda. Nikafoka, "Hakuna humu anayenizidi kwa kuelewana."

Nilifoka, sahibu. Wakaangua kicheko.

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, kelele zote hizi, na hujaniuliza mimi nataka kukaa wapi. Nitakwenda kwa dada yako."

Vyombo nimeviosha vyote, na masufuria pia.