Tumemaliza Kile Kitabu, Feli

Feli,

Barua zote tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza kwa kuuliza afya ya mtu. Yako naijua, na yangu haina neno, kwa hivyo nianze na habari. Jumapili iliyopita tulimaliza kile kitabu. Bi Subira ameolewa. Ameolewa na yule yule uliyesema asiolewe naye, na hakuna paa lililoporomoka. Nimetaka uisikie kutoka kwangu kabla Mama Berita hajafika huko akakusimulia kwa njia yake.

Niko kwangu hapa Amalemba, daftari za darasa la sita nimezisukuma kando. Mvua ya alasiri inapiga mabati mpaka redio ya jirani haisikiki. Leo ni Ijumaa. Siku nakutajia kwa sababu kesho kuna jambo, na nitalifikia. Unajua mimi huzunguka kwanza. Ulikuwa ukiniambia nilistahili kuzaliwa ndani ya kitabu kile, nikae na Waingereza wa zamani na magari yao ya farasi, tuzungukane mpaka mmoja azeeke.

Kikundi bado kinakutana kwako. Tulipotoka kukuzika Khwisero kila mmoja wetu alijua moyoni kwamba kusoma kumekwisha. Mumeo ndiye aliyekataa. Lubanga alisema ukisikia kitabu kimeachwa katikati kwa ajili yako utamgombeza hata kutoka huko uliko. Basi tunakaa sebuleni mwako kila Jumapili baada ya kanisa, kila mtu na kitambaa chake cha kufuma. Amina anakuja kutoka upande wa msikiti na salamu zake ndefu. Kitabu ni kile kimoja, kisicho na jalada, ulichochagua kwenye rundo la vitabu vikuukuu sokoni kwa sababu, ulisema, kilikuwa kinanuka kama nyumba ya watu wenye siri. Na sheria yako tumeishika: mmoja asome Kiingereza na kukisema kwa Kiswahili, na asiwepo mtu wa kukibeba nyumbani kwenda kujua ya mbele.

Msomaji sasa ni mimi. Siku ya kwanza nilitoa kigoda jikoni nikakalia hicho. Mama Berita akasema hawezi kusikia mtu anayesomea chini, nikahamia kwenye kiti chako, kile cha mkono uliolegea. Mpaka leo nakikalia ukingoni.

Sina sauti zako. Wewe uliwapa majina yetu kwa kuwa yale ya Kizungu yalikuwa yanatushinda: msichana anayengoja kila kitu ukamwita Bi Subira, bwana wa nyumba kubwa ukamwita Bwana Koti, na yule mama wa kutembeza binti zake nyumba hadi nyumba ukamwita Mama Visiti. Unakumbuka Jumapili ya dansi? Mama Visiti alikaa kochi moja na kijana anayemtaka binti yake, wakala keki pamoja, magoti yanakaribia kugusana. Mama Berita aliangusha sindano yake ya kufumia. "Anakaa aje karibu na mkwe hivyo? Hata ingokho, kuku wa mkwe, hajachinjwa. Mtoe hapo, Felisita, ndio usome." Ukasoma, uso mkavu kabisa, kwamba Mama Visiti aliinuka akaenda kukaa jikoni. Mistari mitatu mbele yule mama akaongea tena, maana kwenye kitabu alikuwa hajatoka, na Mama Berita akauliza ni nani amemfungulia mlango. Amina alicheka mpaka akaomba maji.

Jambo lililokukasirisha wewe lilikuwa jingine. Mgeni akikaribishwa chakula mle ndani, anakataa. Anakataa na tumbo linamuuma, na wenyeji wanamsifu adabu yake. Ulisema kwetu mgeni akikataa obusuma, ugali wetu, tunajua ana kisa na sisi. "Hawa watu wana njaa na wanasema wameshiba. Ndiyo maana kitabu ni kinene hivi." Nilicheka. Sikujua unanisema.

Halafu ikaja sura ya chai, ambayo ilikuwa karibu ya mwisho kusoma wewe. Rafiki yake Bi Subira amekufa, amemwacha Bwana Koti na nyumba kubwa na watoto, na Bi Subira anakwenda kuwatazama. Siku moja anammiminia Bwana Koti chai kutoka kwa birika la marehemu. Uliweka kitabu mapajani ukasema, "Huyu amekalia kiti cha mwenzake kabla hakijapoa." Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote, hadi nikapoteza hesabu ya mishono yangu.

Ulikuwa mzima. Homa ilikuja baadaye, ukaingia hospitali ukitembea kwa miguu yako, ukaniambia nisisahau kumsuka Neema kwa ajili ya kanisa. Hukutoka tena. Nilimsuka. Ndizo nywele mtoto wako alizokwenda nazo Khwisero.

Nilianza kufika kwako kwa sababu ya nywele hizo, Feli, na hapo mwanzo ilikuwa kweli tupu. Neema hataki kusukwa na mtu mwingine, anasema wanavuta. Kisha nikawa napitia jioni nikitoka shule. Nikasonga ugali siku moja kwa kuwa msichana wa kazi alikuwa ameenda kwao. Nikasonga tena siku nyingine na msichana yupo. Lubanga akirudi kutoka ofisi ya mifugo hukaa kwenye ngazi ya nyuma kuvua buti, ananuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, na Neema anampanda mgongoni kabla hata buti la pili halijatoka. Siku moja nilichukua chupa yako ya chai, ile ya maua mekundu, nikammiminia kikombe. Nikakusikia. Nikaaga haraka, nikaacha mwavuli wangu nyuma ya mlango wako, na sijawahi kuurudia.

Nampenda. Haya, nimeliandika, na mkono haujanyauka. Ulipokuwa hai sikumpenda, hilo naapa. Ulipokuwa hai nilimwona mtu wa kuongea mno juu ya kupe. Sasa anaongea juu ya kupe na mimi sitaki amalize. Halafu naenda nyumbani kwangu naona aibu mpaka siwezi kula, kwa sababu nakumbuka kwamba furaha hiyo ya kwenye ngazi ilikuwa yako, na kama ungekuwepo nisingeijua. Nani anashukuru kwa jambo kama hilo? Sishukuru. Lakini nikifika pale mlangoni mwili wangu unafurahi bila kuniuliza, na hapo ndipo najichukia.

Mwezi uliopita alinisindikiza hadi kwenye kona ya kioski. Akasema, macho yakiwa kwenye viatu vyake, "Neema amekuzoea. Hata mimi nimekuzoea." Akaeleza kwamba senje wake wa Khwisero anamsumbua aoe, ana msichana amemwona Lugari, wa watu wa shamba kubwa la mahindi, na kabla hajamjibu huyo shangazi alitaka kujua mimi nafikiria nini. Nikasema nitamjibu.

Sasa sikia nilivyomjibu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumefika pale Bwana Koti anamwomba Bi Subira amfikirie. Nikafunga sura. Mjadala ukaanza, na unajua sisi tukianza. Amina akasema mtoto anahitaji mama na kwao Mumias hakuna anayeshangaa jambo hilo. Mwingine akasema afadhali atafutwe mgeni kutoka mbali, asiyejua vijiko vya marehemu viko wapi. Hakuna aliyenitazama. Kila mtu alikuwa anaongea juu ya Bi Subira na hakuna aliyekuwa anaongea juu ya Bi Subira. Ndipo Mama Berita akaniuliza, "Na wewe Dori, msomaji wetu, unasemaje? Huyu binti akubali ama akatae?" Na wakati huo huo Lubanga akaingia na sinia. Hutengeneza chai mwenyewe siku hizi, na huweka sukari nyingi.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuomba maji. Lakini nilitaka, kwa dakika hiyo moja, kuwa mwanamke msafi mbele ya wenzangu. Nikasema kwa sauti nzuri ya darasani, "Akatae. Mwanamke mwenye heshima hakalii kiti cha mwenzake kabla hakijapoa." Nikiwa nimekalia kiti chenyewe.

Walitambua maneno ni yako. Mmoja akapangusa macho. Lubanga aliweka sinia, akamimina vikombe vyote bila kumwaga hata tone, akanipa changu kwa mikono miwili namna ya kumpa mgeni, akatoka. Tangu siku hiyo ananiita Mwalimu. Nilikuwa Dori.

Huyo ndiye rafiki uliyemwacha. Nilichukua mzaha wako, nikauvaa kama nguo ya kanisani, nikamfukuza nao mtu ambaye alikuwa ameniuliza swali kwa heshima barabarani na alistahili kujibiwa barabarani. Nimemdanganya yeye. Nimewadanganya wale wanawake. Na wewe nimekufanya ushuhudie uongo wangu wakati huwezi kuinua kichwa ukapinga.

Basi Jumapili iliyopita tukamaliza. Bi Subira, aliyengoja tangu sura ya kwanza, alivaa viatu akaenda mwenyewe kwa Bwana Koti, hana wa kumsindikiza, akamwambia yaliyo moyoni. Kitabu kikawaoza kwa ukurasa mmoja. Kurasa zote zile za kuzunguka, Feli, na harusi ukurasa mmoja. Amina akasema alhamdulillah, akauliza ni nani sasa atamtunza yule shangazi mzee aliyekuwa akiishi na Bi Subira. Wengine wakapiga makofi. Mama Berita hakupiga. Alizungusha uzi wake kwenye donge, polepole, akasema bila kuniangalia, "Huyu angalau alifungua mdomo."

Hakuna aliyetuletea chai siku hiyo. Lubanga alikuwa ameenda Khwisero kumwambia senje wake sawa, waende Lugari Jumamosi kuonana na watu wa yule msichana. Jumamosi ni kesho.

Nimejaribu wiki nzima kukutafutia maneno mengine. Nilitaka kukumbuka siku yoyote uliyosema, hata kwa mchezo, Dori, nikifa umchukue. Hukusema. Ulisema la kiti. Labda lilikuwa mzaha wa Jumapili, labda ulilimaanisha, na mimi sitajua mpaka tuonane. Nilishakuwekea maneno mdomoni mara moja, sitaki kurudia. Kwa hivyo jioni hii nikienda kwa Lubanga, siendi kwa ruhusa yako. Naenda bila ruhusa, na lawama naibeba mwenyewe. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Yeye hajakukosea kitu. Picha yako iko pale pale juu ya redio, na ndiye anayeipangusa vumbi.

Kuna neno moja ninaloweza kukuahidi bila kusitasita. Kitabu kijacho nitakisoma kutoka kwenye kigoda, na Mama Berita kama hasikii asogee karibu. Kiti chako ni cha Neema. Miguu haijafika chini bado, lakini ataikuza humo. Nitamweleza ni nani aliyelegeza ule mkono kwa kuupiga kila alipocheka. Nitamfundisha sauti zote ninazozikumbuka, hata ya Mama Visiti kule jikoni.

Na mwezi ujao nitakuja Khwisero kukuambia ilivyokuwa, akinikubali au akiniambia nimechelewa. Anaweza kusema nimechelewa. Ana haki.

Mvua imepungua, jirani amepata redio yake. Lubanga atakuwa ameshafika kwenye ngazi sasa, na buti moja limetoka. Ataniita Mwalimu, atainuka, ataniuliza kama nimekula, kwa sababu ndivyo ulivyomzoesha kumuuliza kila anayeingia kwako. Jumapili zote hizi nimekuwa nikimwambia nimeshiba.

Nitamwambia sijakula, Feli. Kisha nitamwambia yaliyobaki.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuomba msamaha, na natoka.

Dori wako