Karai Chini ya Mfereji

Wambui mjukuu wangu,

Huku mtaani Free Area tuko salama, na mvua imeanza. Umeuliza mbona nimekataa fundi aunganishe na mfereji ile mashine ya kufua uliyoninunulia.

Nikiwa msichana, miaka ya hamsini, mama yangu alikuwa akimfulia mzungu huko Njoro. Siku mashine ya kufua ya mzungu huyo ilipounganishwa, tulifua nguo kwa karai kwanza, maana tuliona aibu kuipa nguo chafu. Kisha tukakaa kwenye nyasi tukisikiliza maji yakijiendea ndani ya mpira. Mama akatazama mikono yake mikavu, akaniuliza polepole, "Sasa mimi na wewe tutakuwa tukiongea saa ngapi?"

Haya, nimekubali, mwambie fundi aje. Lakini ukifika Krismasi, nguo zako tutazifua kwa karai.

Shosho wako