Niliposema Haiumi, Wakaandika Nimepona

Mpendwa mshauri, Shangazi Hajira, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijampiga mtu, maana nina hasira, na usilifiche jina langu kama unavyowafichia wengine, andika Koisaba Kisemei, wote wanijue, nimechoka.

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili katika chuo kimoja binafsi cha ualimu huku Korogwe, hivi vyuo vinavyofunguliwa siku hizi za soko huria, na ni mkimbiaji wa mita elfu kumi, kwetu ni kwa wafugaji kule Kibirashi, wilaya ya Handeni, na mwaka jana niliposhinda mkoa mwenye chuo alichoresha bango kubwa akalisimamisha pale njia panda ya Segera, mimi nakimbia, na chini yangu wameandika CHUO CHA MABINGWA, kwa hiyo kila abiria wa Arusha na Tanga na Dar es Salaam anayeshuka kununua machungwa ananiona nimenyanyua goti, wakati mguu wenyewe sasa hivi kuukanyagia chini ni kazi.

Mwezi wa tatu nikiwa mazoezini barabara ya Old Korogwe muundi wa kulia ulianza kuuma, nikaendelea hivyo hivyo wiki tatu, mpaka siku moja karibu na daraja nikasikia kitu kimelia ndani ya mguu, hospitali wakapiga picha wakaona mfupa una ufa, nikafungwa hogo wiki sita. Siku ya kulitoa daktari alibonyeza pale pale penye ufa kwa kidole gumba, akanitazama usoni akauliza, "Inauma?" Shangazi, niliona moto mpaka masikioni. Lakini sisi kwetu kijana akitahiriwa akapepesa jicho tu ni aibu ya baba na mama na ukoo mzima, na mimi sikupepesa, wazee mpaka leo wanamsifu baba yangu kwa siku ile, basi na pale hospitali uso ulijikaza wenyewe nikasema, "Haiumi, daktari." Akabonyeza tena kwa nguvu. Nikasema haiumi. Akaandika karatasi kwamba nimepona na naruhusiwa kuanza mazoezi.

Karatasi hiyo Mwalimu Laurenti, mwalimu wetu wa michezo, ameibandika kwenye ubao wa matangazo, na kila nikiomba kupumzika ananipeleka pale ubaoni ananiambia, "Soma. Soma kwa sauti." Mashindano ya mkoa ni wiki tano zijazo kule Tanga, na wiki hizo hizo niko kwenye mazoezi ya kufundisha, nimepewa darasa la tatu, asubuhi nakimbia kilomita kumi na mbili kabla ya kengele, nikiingia darasani mguu umevimba siwezi kusimama, nafundisha nimekaa, na juzi mkaguzi akaja akaandika, "Amekaa kama mgeni anayesubiri chai, hana ari ya kazi," akanipa alama za chini kabisa, na nikipata hivyo tena narudia mwaka. Sikumweleza kitu. Wakimbiaji tumesamehewa zamu ya jembe kwenye shamba la chuo, wenzangu wananiita bwana mkubwa, nikisema leo mguu unauma watacheka kwamba jembe nimekwepa na mbio nazo nazikwepa.

Anayenichoma zaidi ni mwenzangu wa chumbani, Mbaruku, Mzigua wa Kabuku, alikwenda kwa Mwalimu Laurenti bila kuniuliza akamwambia, "Mwalimu, huyu Koisaba akienda kuoga anatembea kwa kushika ukuta, mguu haujapona." Mwalimu akaniita mbele yake, "Ni kweli?" Nikasema mwongo huyo. Hii ni wiki ya pili simsemeshi, na yeye anaendelea kunichotea maji ya kuoga kama vile hakuna kilichotokea, anazidi kunipandisha hasira.

Na baba ametuma salamu kwamba yeye na wazee wa rika lake watapanda lori la ng'ombe waje Tanga kuniangalia. Sasa Shangazi, nikimbie au nisikimbie? Nikisema leo kuwa unauma mimi ni mwongo na mwoga kwa pamoja. Niambie nimfanye nini huyo Laurenti, na huyo msaliti wa chumbani kwangu.

Ni mimi, Koisaba Kisemei, Korogwe.

Koisaba, marahaba. Ulitaka nikusaidie kuwakasirikia watu, na mimi nimekasirika kweli kweli, ila kwenye foleni ya hasira zangu wewe umesimama wa kwanza.

Daktari alikuuliza swali. Hakuwa ngariba, hakushika kisu, wala nje hapakuwa na wazee wanaosubiri habari zako. Alitaka kujua jambo moja ambalo mtu pekee wa kumwambia alikuwa wewe, ukamdanganya, akabonyeza tena kwa sababu hakukuamini, ukamdanganya tena. Aliandika ulichomwambia. Halafu leo unaikasirikia karatasi!

Usinielewe vibaya, siidharau mila yenu. Nimezaliwa Handeni, nimecheza na watoto wa wafugaji, naijua heshima ya siku ile. Lakini siku ile ilikwisha, mwanangu. Uliimaliza vizuri, baba yako akasifiwa, mkala nyama. Nani alikwambia uirudie kila mtu anapokugusa mguu?

Mwalimu Laurenti, nawe usikunje gazeti, nakuona. Kijana anachechemea mbele ya macho yako, mwenzake anakuja kukueleza kwa kinywa chake, na wewe unamsomesha karatasi ubaoni? Ungemtazama anavyopanda ngazi ya ofisi yako ungepata jibu bila kumwuliza mtu. Na huyo mwenye chuo, kama anataka bango la kuvutia wateja, achore kitu kingine, huu mguu si mali yake. Nyie mnaofundisha walimu mnanitia uchungu.

Sasa turudi kwako. Kesho asubuhi hukimbii. Unakwenda hospitali ile ile, unamtafuta daktari yule yule, unamwambia, "Nilikudanganya." Akibonyeza, usijikaze hata kidogo, piga kelele mpaka wagonjwa wa nje wakimbie. Karatasi mpya utakayopewa unaibandika mwenyewe juu ya ile ya zamani, mchana, wanachuo wakiwa wanapita. Kutoka hapo unamtafuta mkaguzi, unamwonyesha mguu, unaomba ruhusa ya kufundishia kwenye kiti na unamwomba aje akuone tena. Ukipona, zamu yako ya jembe unaishika kama wengine. Tanga mwaka huu huendi. Ufa huo ukiachia kabisa, hutapata Tanga nyingine, na hata darasani utaingia na mkongojo. Umri wako unaruhusu mwaka mmoja wa kukaa, uchukue.

Na nikuulize, mwalimu mtarajiwa. Katika hilo darasa lako la tatu, leo hii yupo mtoto ambaye jino linamuuma au hajala tangu jana, ameinama kwenye dawati na hasemi. Utamjuaje? Utamwambiaje anyooshe kidole aseme, wakati wewe mwenyewe umekaa mbele yake mguu umevimba na umefunga mdomo? Mimi hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote, kuliko hata mbio zako.

Baba yako unamwambia wewe, kwa kinywa chako, kabla hajapanda lori na wazee wenzake. Umetaka jina lako litoke na nimelitoa. Yaani umeweza kuitangazia nchi nzima, daktari ndiye uliyeshindwa kumwambia neno moja! Gazeti hili linatoka Jumamosi. Jumapili au Jumatatu litakuwa Kibirashi, na hatakosekana mtu wa kumsomea Mzee Kisemei, tena kwa kupaza sauti. Kwa hiyo jibu hili nimekutangulizia kwa basi la leo Jumanne. Jumatano ni ya hospitali. Alhamisi upande gari uende nyumbani, umsalimie mzee, ukae naye, umweleze yote. Atakasirika, na umwache akasirike. Afadhali akasirike uko mbele yake kuliko asomewe na jirani.

Limebaki la Mbaruku. Huyo unayemwita msaliti ndiye mtu pekee katika chuo kizima aliyeutazama mguu wako badala ya kutazama karatasi. Umemwita mwongo mbele ya mwalimu, na bado anakuchotea maji, kwa sababu anajua kubeba ndoo huwezi. Bahasha hii sikuiandika jina lako. Nimeiandika jina lake, na nimemwomba akukabidhi mkononi. Najua kabla hajaondoka atakuuliza tena mguu unaendeleaje. Mjibu kwamba unauma.